Kilomita 6,840: Historia ya Njia ya Anga kati ya London na Nairobi

Kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi ule wa Embakasi, Nairobi, ni kilomita 6,840 hivi, kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia. Umbali huo haukupungua hata hatua moja tangu Nairobi ilipoanzishwa. Kilichopungua ni muda. Mwaka 1901 msafiri alitumia karibu mwezi mzima. Katika miaka ya 1930 alitumia siku kumi, kisha nne. Leo hupanda ndege baada ya chakula cha usiku na kushuka alfajiri, akiwa ametumia takriban saa nane na nusu.

Ni rahisi kudhani kwamba kazi hiyo yote ilifanywa na injini. Ukifuatilia njia hii kipindi kwa kipindi unakuta mengine. Kila ilipofupishwa, na kila iliporefushwa tena, maswali matatu yalikuwa yamepata jibu kwanza: ndege itatua wapi, nani ameiruhusu ipite, na nani amebeba gharama. Saa nane na nusu tunazozisoma kwenye tiketi ni zao la majibu hayo, na baadhi yake yalitolewa kwa jasho la watu ambao hawakuwahi kupanda ndege.

Meli na reli, 1869–1914

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa Novemba 1869, meli za Ulaya ziliacha kuzunguka Afrika nzima ili kufika pwani ya Waswahili. Safari ya London hadi Mombasa ikawa ya wiki tatu hadi nne, kupitia Port Said na Aden. Kutoka pwani kuingia bara, mwendo ulibaki ule wa misafara, kwa miguu na mizigo kichwani.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi Mei 1899 na kugonga Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, Desemba 1901. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli hiyo: ilianza kama kambi ya wajenzi, karibu kilomita 500 kutoka baharini. Simu ya waya ilikuwa imefika Zanzibar tangu 1879 kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, lakini ilibeba maneno machache kwa bei kubwa. Watu, hati na vifurushi vilingoja meli. Ofisa wa Nairobi aliyemwandikia mkubwa wake London barua ndefu alipata majibu baada ya karibu miezi miwili, na mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwa namna nyingine.

Kwa watawala, huo ulikuwa udhaifu. Dola iliyotaka kushika nchi nyingi kwa wakati mmoja ilihitaji maagizo yake yafike yakiwa bado na maana. Haja hiyo ndiyo iliyoizaa njia ya anga. Biashara na utalii vilikuja baadaye sana.

Vichuguu na mabawa, 1919–1926

Vita Kuu ya Kwanza iliiacha Uingereza na ndege nyingi na marubani wengi wasio na kazi. Mwaka 1919 serikali yake ilituma vikosi vya wapimaji kutafuta viwanja vya kutua kutoka Cairo hadi Cape Town. Miongoni mwa vituo vilivyochaguliwa vilikuwamo Kisumu, Tabora na Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia. Ramani ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa ardhi yenyewe: kukata miti, kung'oa visiki na kubomoa vichuguu vigumu kama mawe, ambavyo kimoja tu kingetosha kuvunja magurudumu ya ndege. Vibarua wa Kiafrika kwa mamia walifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa, kwa majembe na vikapu.

Mwaka uliofuata njia ilijaribiwa. Februari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, iliyofadhiliwa na gazeti la *The Times*, ilianguka Tabora, na safari yake ikaishia hapo. Ndege nyingine ya aina hiyo, Silver Queen ya Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, iliondoka Uingereza tarehe 4 Februari. Ikaanguka karibu na Mto Nile, katika eneo la Korosko. Marubani wakapewa Vimy ya pili, nayo ikavunjika Bulawayo. Wakamaliza safari kwa ndege ya tatu, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi.

Walikuwa njiani siku 45, lakini muda waliokuwa angani ulikuwa saa 109 na nusu tu. Hesabu hiyo ilikuwa na somo kubwa kuliko ushindi wenyewe. Ndege ilikuwa na kasi ya kutosha tangu mwanzo. Kilichokula siku ni ardhi: viwanja vibovu, joto, hewa nyepesi ya nyanda za juu, na vipuri vilivyosubiriwa kutoka mbali.

Alan Cobham alilichukua somo hilo. Aliruka kutoka London Novemba 1925 na kufika Cape Town Februari 1926, akiipima njia kwa niaba ya Imperial Airways, shirika lililoundwa mwaka 1924 na kupewa ruzuku na serikali ya Uingereza. Hakuwa na haraka. Alitua, akakagua, akaandika. Baada yake, hoja ya kwamba ndege ya abiria inaweza kufika Afrika Mashariki ilikoma kuwa ndoto ya wanajeshi, ikawa suala la bajeti.

Njia ya Mto Nile, 1931–1936

Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilianzisha safari ya kila wiki kutoka uwanja wa Croydon, London, hadi Mwanza, Tanganyika. Kwa nini Mwanza, na si Nairobi? Kwa sababu ya maji. Kutoka Khartoum kwenda kusini, shirika lilitumia ndege za majini aina ya Short Calcutta. Ndege hiyo haikuhitaji mtu kuvunja vichuguu. Ilihitaji mto mpana au ziwa lililotulia. Nile iliipa mto, na Viktoria ikaipa ziwa. Ilipita Malakal na Juba, ikatua Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell karibu na Kampala, kisha Kisumu na Mwanza. Msafiri wa Nairobi alishuka Kisumu, akamalizia kwa reli au kwa ndege ndogo ya Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Jina lake bado linaitwa kila siku katika Uwanja wa Wilson.

Safari ilichukua takriban siku kumi, na si zote zilikuwa za kuruka. Serikali ya Italia ilikuwa imegombana na ile ya Uingereza kuhusu haki za kupita, ikazizuia ndege za Waingereza kuvuka anga lake. Hivyo abiria aliruka kutoka Croydon hadi Paris, akapanda treni kuvuka bara la Ulaya, akaingia kwenye ndege ya majini kuvuka Mediterania hadi Alexandria, akapanda treni tena hadi Cairo, akapanda ndege ya nchi kavu hadi Khartoum, na hapo tena ndege ya majini. Alilala hotelini kila usiku, kwa kuwa njia haikuwa na taa wala vyombo vya kuongoza rubani gizani. Ndege zenyewe zilikwenda kilomita 150 hivi kwa saa. Hata hivyo, siku zilizopotea ndani ya treni hazikupotea kwa udhaifu wa injini. Zilipotea kwa kukosa sahihi ya Roma.

Mwaka 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, kwa barua Januari na kwa abiria Aprili. Kutoka Kisumu ndege za nchi kavu sasa zilipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, kuelekea Rhodesia na Afrika Kusini. Nairobi ilikuwa imeingia kwenye ratiba.

Hatari ilibaki kubwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935, ndege ya majini City of Khartoum, moja ya zile Calcutta, ilianguka baharini karibu kabisa na bandari ya Alexandria baada ya injini zake kukosa mafuta. Watu kumi na wawili walikufa. Aliyeokoka ni rubani peke yake. Ilikuwa imebakiza dakika chache tu kufika.

Ndege za majini na stempu ya bei ndogo, 1937–1950

Mwaka 1937 mambo mawili yalikutana. Italia ilikuwa imelegeza msimamo wake, na kiwanda cha Short kilikuwa kimekamilisha ndege kubwa za majini zilizoitwa Empire, zenye kasi ya kilomita 260 hivi kwa saa na nafasi ya abiria 24. Njia mpya ilianzia Southampton, ikapita Marseille, Roma, Brindisi, Athens na Alexandria, ikafuata Nile hadi Port Bell na Kisumu, kisha ikageuka kuelekea Bahari ya Hindi: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, hadi Durban. Treni za barani Ulaya na za Misri ziliondoka kwenye safari. London na Kisumu zikawa umbali wa takriban siku nne.

Waliolipia kasi hiyo hawakuwa abiria, maana abiria walikuwa wachache na nauli ilikuwa ya matajiri na maofisa. Iliyolipa ni barua. Juni 1937 Uingereza ilianzisha mpango wa kupeleka barua zote za kawaida kwenda makoloni yaliyojiunga kwa ndege, kwa peni moja na nusu ya Kiingereza kwa kila nusu aunsi, bila malipo ya ziada. Serikali iliyahakikishia mashirika mzigo wa kudumu, na mzigo huo ndio uliozifanya ndege ziruke hata viti vilipokuwa vitupu.

Vita Kuu ya Pili ilionyesha jinsi mafanikio hayo yalivyosimama juu ya ruhusa. Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Mediterania ikafungwa. Ndani ya siku chache tu, London na Nairobi zilirudishwa mbali kama zamani: abiria na barua walizungushwa kwa meli kupitia kusini mwa Afrika. Ndege zilizokuwa upande huu wa bahari zilipangiwa njia mpya yenye umbo la kiatu cha farasi, kutoka Durban kupitia Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu na Cairo, hadi Asia na Australia. Kisumu, mji wa ziwani, ukawa kituo cha njia iliyounganisha mabara matatu.

Baada ya vita, shirika la BOAC, lililokuwa limeirithi Imperial Airways, lilirudi na ndege za majini aina ya Solent. Mwaka 1949 na 1950 Ziwa Naivasha likawa kituo chao cha Nairobi. Abiria walishuka katikati ya viboko na mafunjo, wakapanda basi kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa. Lakini wakati wa ndege hizo ulikuwa umekwisha. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali, na ndege ya nchi kavu iliruka juu zaidi, kasi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Novemba 1950 BOAC iliziondoa zote. Maji, yaliyoipa Afrika Mashariki nafasi yake ya kwanza angani, hayakuhitajika tena.

Jeti yatua Entebbe, 1952–1954

Februari 1952 njia hii ilibeba habari iliyosikika dunia nzima. Mfalme George wa Sita alifariki tarehe 6, wakati binti yake Elizabeth akiwa mapumzikoni nchini Kenya. Ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilimchukua kutoka Nanyuki hadi Entebbe, ambako ndege kubwa ya BOAC aina ya Argonaut ilimsubiri. Radi na mvua ziliichelewesha. Iliruka usiku, ikatua Libya kujaza mafuta, ikafika London alasiri ya tarehe 7. Miaka ishirini kabla, safari hiyo ingemchukua zaidi ya wiki. Sasa malkia mpya alikuwa nyumbani siku ya pili ya utawala wake.

Miezi mitatu baadaye, Argonaut ikaonekana ya kizamani. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC iliondoka London ikiwa na abiria 36, katika safari ya kwanza ya kawaida ya abiria kwa ndege ya jeti duniani. Ilielekea Johannesburg, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilifika kwa muda usiotimia saa 24. Ulaya na Afrika Mashariki hazikutenganishwa tena na usiku hata mmoja wa hoteli.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 10 Januari 1954 Comet ileile iliyofungua njia ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, ikaua watu wote 35. Aprili mwaka huohuo nyingine ikaanguka karibu na Napoli, wakafa 21. Wachunguzi waliizamisha bodi ya Comet kwenye tangi la maji na kuisukuma kwa shinikizo mara maelfu, mpaka ikapasuka mbele yao. Metali ilikuwa inachoka: kila ndege ilipopanda na kushuka, bodi ilivimba na kunywea kidogo, hadi nyufa zikaanza kwenye pembe za matundu yake. Ndege za jeti tunazopanda leo zina madirisha ya pembe za mviringo na bodi zilizopimwa kwa uchovu. Sehemu ya ujuzi huo ililipwa na wasafiri wa njia ya Afrika na Asia.

Embakasi: waliojenga na walioruka, 1953–1963

Comet ilitua Entebbe kwa sababu Nairobi haikuwa na mahali pa kuipokea. Uwanja wa Eastleigh haukufaa kwa jeti kubwa. Mji ulio mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari una hewa nyepesi. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla mabawa hayajapata nguvu ya kuinua. Kwa hiyo serikali ya kikoloni iliamua kujenga uwanja mpya kwenye tambarare ya Embakasi, penye nafasi ya njia ndefu sana ya kurukia.

Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Embakasi palijengwa gereza, na maelfu ya wafungwa na watu waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari wakalazimishwa kuchimba, kuvunja mawe na kusawazisha ardhi kwa mikono, chini ya bunduki na kwa haraka iliyotakiwa na tarehe ya ufunguzi. Wengi waliteswa, na wako waliokufa. Gavana Evelyn Baring aliufungua uwanja huo Mei 1958. Abiria anayetua Nairobi leo anatua mahali palipotengenezwa na mikono hiyo. Hili si jambo la pembeni katika historia ya njia hii. Muda aliookolewa mtu mmoja ulitolewa katika maisha ya mwingine, na hesabu ya haki lazima iandike pande zote mbili.

Kilichofuata hakikutarajiwa na waliotoa amri. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Embakasi kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na mwanasiasa Tom Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani. Familia zilifurika uwanjani kuwaaga. Mwaka uliofuata, mfuko wa familia ya Kennedy ulisaidia kulipia safari nyingine, na kati ya walioruka alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai. Na kutoka uwanja huohuo, mwaka 1960, 1962 na 1963, viongozi wa Kenya waliruka kwenda Lancaster House, London, kujadiliana juu ya uhuru. Njia iliyofunguliwa ili amri zishuke haraka kutoka London sasa ilipeleka madai haraka kutoka Nairobi.

Jumuiya yenye mabawa, 1957–1977

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilizaliwa Januari 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo za mbao na kitambaa. Mwaka 1957 lilithubutu kuanza safari za London kwa ndege za kukodi, na mwaka 1960 likaingia enzi ya jeti kwa Comet 4, aina iliyorekebishwa baada ya ajali.

Kilele chake kilikuja mwaka 1966, lilipopokea Super VC10. Ndege hii ilibuniwa kwa ajili ya viwanja kama Nairobi, vyenye joto na mwinuko. Injini zake nne zilifungwa mkiani, na mabawa yake, yakiwa hayana kitu cha kuyakatiza, yaliinua uzito mkubwa kwa mkimbio mfupi. Iliweza kuvuka kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya bila kutua. Ikiwa na rangi za bendera za nchi tatu ubavuni, ilikuwa ushahidi kwamba mataifa machanga yanaweza kumiliki njia yao wenyewe, badala ya kuwa vituo vya njia ya mwingine.

Mashirika mengine nayo yaliguswa na uhuru huo. Mwaka 1963 nchi kadhaa za Afrika zililinyima shirika la ndege la Afrika Kusini haki ya kupita angani mwao, kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Ndege zake zililazimika kuzunguka ubavu wa magharibi wa bara, juu ya bahari, kwa karibu miongo mitatu. Mara hii Waafrika ndio waliotoa au kunyima sahihi.

Lakini umoja uliolilea shirika la Afrika Mashariki ulivunjika. Madeni yalirundikana, nchi wanachama zikalaumiana juu ya michango, na mapema mwaka 1977 shirika likasimama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka huohuo. Kenya ikaunda Kenya Airways, Tanzania ikaunda Air Tanzania, na Uganda ikawa na Uganda Airlines. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Super VC10 nne zilirudishwa Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani. Mojawapo, ile ya mwisho kutengenezwa katika ukoo wa VC10, ilikuwa imesajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG. Iliruka hadi 2013. Ndege hiyo ilidumu miaka 36 baada ya umoja ulioiagiza.

Usiku mmoja bila kutua, 1978–2010

Mwaka 1978 Embakasi ilipata jengo jipya la abiria, na baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta mwaka huo uwanja ukaitwa kwa jina lake. Kutoka hapo teknolojia ilitulia. Boeing 707, kisha 747, Airbus na baadaye Boeing 787 zote zina mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya kilomita 6,840 kwa kasi hiyo, upate saa saba na dakika thelathini na kitu. Ongeza muda wa kupanda, kushuka, kuzunguka kusubiri zamu ya Heathrow na kutembea ardhini, ndipo unafika kwenye saa nane na nusu za ratiba. Kwa kuwa njia hii huenda zaidi kaskazini na kusini, upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi hauibadilishi sana. Ni tofauti na safari ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018: kwenda ilipangiwa saa 15, kurudi 14, kwa umbali uleule.

Ndege nyingi kubwa huondoka Nairobi usiku. Hewa ya usiku ni baridi na nzito zaidi, nayo huziwezesha kubeba mafuta na mizigo mingi kutoka kwenye mwinuko ule. Katika mizigo hiyo yamo maua na mboga. Mashamba yaliyozunguka Ziwa Naivasha, lilelile la Solent, yamejengwa juu ya uhakika kwamba ua lililokatwa leo litakuwa sokoni Ulaya kesho au kesho kutwa. Maelfu ya vibarua, wengi wao akina mama, wanaishi kwa uhakika huo.

Aprili 2010 volkano ya Iceland ilitapika majivu, na anga la sehemu kubwa ya Ulaya likafungwa kwa siku kadhaa. Maua yaliozea kwenye maghala, na vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Hapo ilionekana nani hasa anategemea saa nane na nusu. Abiria aliyekwama aliahirisha safari. Kibarua wa Naivasha alikosa mshahara wa siku.

Anga linapofungwa tena, 2011 hadi leo

Chora mstari mfupi kati ya Nairobi na London: unapita Sudan Kusini, Sudan, Libya, Mediterania, Italia na Ufaransa. Machi 2011 Umoja wa Mataifa ulizuia ndege kuruka juu ya Libya, na vita vilivyofuata viliyafanya mashirika mengi kuendelea kuikwepa. Mwaka 2020 corona ilizisimamisha safari za abiria kwa miezi kadhaa, na Aprili 2021 Kenya na Uingereza zikafungiana milango kwa muda. Kisha, tarehe 15 Aprili 2023, vita vikalipuka Khartoum, vikaanzia hata kwenye uwanja wa ndege, na anga la Sudan likafungwa kwa ndege za abiria. Marubani wakapinda mashariki, kupitia Ethiopia na Bahari ya Shamu hadi Misri. Muda wa safari ukaongezeka, na mafuta nayo.

Khartoum, mji uliokuwa kiungo cha njia hii mwaka 1931, ukawa shimo katikati ya ramani. Injini za leo ni bora kuliko za wakati wowote, lakini haziwezi kumaliza vita vya majenerali wawili wa Sudan.

Kwa hiyo historia hii inatuambia jambo linaloihusu Afrika yenyewe zaidi ya London. Kutoka Nairobi hadi Dakar ni kilomita 6,240 hivi, yaani Dakar iko karibu nasi kuliko London kwa zaidi ya kilomita 500. Hata hivyo, kwa miongo mingi wamekuwapo abiria wa Afrika Mashariki waliolazimika kupitia Ulaya au Ghuba ili kufika Afrika Magharibi. Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999 uliahidi kufungua anga la bara, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga. Utekelezaji unakwenda polepole, kwa sababu kila serikali inalinda shirika lake na haki zake za kupita.

Njia ya London haikuwa fupi kwa asili yake. Ilifupishwa kwa sababu dola moja iliamua kulipia barua zake, kutafuta ruhusa na kuchonga viwanja, nyakati nyingine kwa ukatili. Sisi tunaweza kuyajibu maswali yaleyale matatu kwa njia ya haki: kuruhusiana kupita, kugawana gharama, na kuwalipa wanaojenga. Nchi tatu za Afrika Mashariki ziliwahi kufanya hivyo na Super VC10 zao, na zilifika mbali kabla ya kugombana. Dakar, Lagos na Kinshasa zitakuwa karibu siku tutakayoamua ziwe karibu.